Mwanamke Aliyekuwa Mashine

Dada yangu tulimbandika jina la Kasuku tukiwa wadogo, kwa sababu hakukuwa na sauti iliyomshinda kuiga. Alikuwa akimwita mama kwa sauti ya baba, mama anaitika "abee" kutoka jikoni, halafu anatoka na mwiko mkononi kumsaka mwenye utani. Alipokua, sauti hiyo hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alikaa miaka mingi kwenye simu za kampuni moja ya usafirishaji, akipokea na kuunganisha: "Karibu, nikuunganishe na nani?" Kisha kampuni ikaleta mashine ya kupokea simu, ile inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, na ukikosea inakurudisha mwanzo. Kasuku akashukuriwa mbele ya wenzake, akapewa saa ya ukutani, akarudi nyumbani.

Kwa hiyo alipoitwa kwenye usaili wa kazi nyingine na kuelezwa atakachofanya, alidhani anataniwa.

"Tunataka uwe mashine," aliambiwa.

Aliyemwambia hivyo alikuwa mbunifu, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa na tabia ya kuvua kiatu akianza kufikiri. Kazi yake ilikuwa kubuni vitu ambavyo watu hugusa au huzungumza navyo: skrini ya ndani ya gari, mlango wa ofisi unaomtambua mfanyakazi, mizani ya dukani inayotaja uzito. Safari hii duka moja kubwa la vifaa vya nyumbani lilimtaka abuni nguzo ya kusimama katikati ya rafu, yenye skrini na kipaza sauti, ili mteja aiulize balbu ziko wapi nayo imjibu.

"Mashine yenyewe bado hatujaitengeneza," akaeleza. "Nikiitengeneza kabla sijajua watu wataongea nayo vipi, nitabomoa na kuanza upya. Kwa hiyo nguzo ipo, ila ndani ni tupu. Wewe utakaa stoo. Utawaona kwa kamera, utawasikia, utawajibu. Kompyuta itaibadilisha sauti yako iwe kavu kidogo. Wao watadhani wanaongea na chombo."

Kasuku akamtazama. "Mashine ilinitoa kazini. Sasa nimepata kazi ya kujifanya mashine."

Mbunifu akavua kiatu cha kulia. "Ukilisema hivyo," akajibu, "hata mimi nachanganyikiwa."

Akaichukua kazi. Sharti lilikuwa moja zito: asimwambie mtu yeyote, hata mumewe, kwamba mashine ni yeye, mpaka majaribio yaishe. Siri ikivuja, watu wataanza kuigiza. Kwa hiyo shemeji yangu aliambiwa mkewe anafanya kazi stoo, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Stoo ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya rafu za rangi. Alikaa kati ya makasha ya vitasa na mabunda ya zulia la plastiki, hedifoni masikioni, kompyuta mbele yake, vumbi likimwasha koo. Ukutani mbunifu alibandika kanuni. Jibu liwe fupi. Usicheke. Usitoe maoni yako. Mtu akiuliza jambo lisilohusu bidhaa, sema: "Samahani, hilo sijalielewa. Unatafuta bidhaa gani?" Kwenye nguzo yenyewe palikuwa na tangazo kwamba chombo kiko kwenye majaribio na kwamba mazungumzo yanasikilizwa na kurekodiwa. Wateja walilitumia kuegemeza toroli.

Mambo hayakwenda kama yalivyopangwa tangu asubuhi ya kwanza. Mbunifu alitarajia watu waseme, "Misumari." Badala yake walifika, wakasimama, wakasafisha koo, wakasema, "Habari za leo?"

Kanuni haikutaja habari za leo. Kasuku akajibu kwa ile sauti kavu, "Nzuri. Unatafuta bidhaa gani?"

"Za tangu asubuhi?"

"Nzuri."

"Biashara inaendaje?"

Ilichukua muda mrefu kufika kwenye misumari. Wapo waliokasirika kwa sababu mashine haikuwauliza na wao hali zao. Mbunifu akaamuru iongezwe shikamoo, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanza, maana kamera ilikuwa juu na Kasuku aliona kofia na mitandio zaidi kuliko nyuso. Mwanamke mmoja aliyekuja kutafuta ndoo alipewa shikamoo. Akaacha toroli pale pale, akaenda kaunta kuuliza kama duka lina kioo, maana anataka kujua amezeeka tangu lini.

Mbunifu alisikiliza rekodi ile akiwa peku miguu yote miwili. "Tukisalimu, tunakosea. Tusiposalimu, tunakosea. Sasa tufanyeje?"

"Unaniuliza mimi?" Kasuku akasema. "Mimi ni mashine."

Nyumbani nako maneno yalianza kumtoka ovyo. Shemeji aliuliza chumvi iko wapi, akajibiwa, "Chumvi iko rafu ya pili, upande wa kushoto. Unahitaji kingine?" Shemeji akabaki na kijiko hewani, akimwangalia mkewe kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

Katika nyumba ile alikuwemo pia baba mkwe. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mnyoofu kama vigingi alivyovipigilia maisha yake yote. Mkewe alipofariki alihamia kwa mwanawe, akaja na sanduku moja na kiti chake cha kukunja. Hakuwa mkali. Alikuwa kimya tu, na kwa dada yangu ukimya huo ulizidi. Chai ikiwa nzuri, alimwambia mwanawe, "Mwambie mama chai ilikuwa nzuri," na huku huyo mama yupo mezani anakata mkate. Kasuku alikwisha kuamua moyoni kwamba mzee hampendi. Alimheshimu, akampikia, akampisha mlangoni.

Siku moja kwenye skrini ya stoo ikatokea kofia aliyoijua, ile yenye ukingo uliopasuka ambayo yeye mwenyewe aliishona. Ilisimama mbele ya nguzo. Kabla hajafikiri, mdomo ukatangulia.

"Shikamoo baba."

Kofia ikainuka. "Marahaba," akasema mzee, akishangaa kwa furaha. "Hata nyinyi mmefundishwa adabu?"

"Unatafuta bidhaa gani?"

"Pazia. Si langu, la mke wangu. Ananisubiri nyumbani, na anataka la kijani. Sasa akisema kijani usimletee rangi ya majani makavu, atakurudisha dukani mguu mosi mguu pili."

Kasuku alihisi hedifoni zimemjaa maji. Mama mkwe alifariki. Yeye mwenyewe alikuwepo. Alisaidia kuzikunja nguo zake. Akatazama kanuni ukutani kana kwamba jibu litakuwa pale. Mwisho akasema kile ambacho mashine ingesema.

"Dirisha lina upana gani?"

Mzee akautaja, mpaka nusu sentimita. Akaelekezwa rafu. Akashukuru, akaenda, akapapasa mapazia kwa muda, akatoka mikono mitupu.

Jioni alikuwa kwenye kiti chake anasoma gazeti. Alimsahihisha mwanawe tarehe. Alimfunga kwenye drafti. Kasuku alimwangalia kwa pembe ya jicho akitafuta ufa mahali fulani, asiuone.

Mzee akarudi dukani, tena na tena. Mara mke wake analalamika bawaba ya kabati inalia, atumie mafuta gani. Mara mke wake hapendi koki za plastiki, anasema zinafanana na vitu vya kuchezea. Mara mke wake amecheka sana leo asubuhi, kisha mzee akauliza bei ya gundi ya mbao. Kasuku alijibu kila swali: mafuta ya bawaba yako rafu ya saba, koki za chuma ziko mbele yako, gundi ya mbao ipo ya aina mbili. Siku moja vumbi lilimzidi akakohoa, na kikohozi kikapita kwenye kompyuta, kikatoka kwenye nguzo kama bati linalokunjwa. Mzee alisubiri mpaka kikaisha, akaendelea.

Dada yangu alianza kukosa usingizi. Je, mzee anaumwa? Mbona nyumbani ni mzima? Anaitania mashine? Lakini hakuwa mtu wa utani, na sauti yake pale kwenye nguzo ilikuwa laini, sauti ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuisikia. Au nyumbani ndiko anakoigiza, na mkweli ni yule wa dukani? Alijaribu kumpima. Akiwa anapanga sahani akasema, "Baba, tunafikiria kwenda kulifyekea kaburi la mama."

"Vizuri," akasema mzee, akitazama ukuta. "Nyasi zitakuwa zimepanda." Kwa hiyo alijua.

Akamgusia mumewe. "Baba yako unamwonaje siku hizi? Kichwani, namaanisha."

"Kichwani kafanya nini?" Shemeji alikasirika. "Kwa kuwa haongei sana ndiyo amekuwa mwehu?"

Hakuweza kuendelea. Angesema amejuaje?

Mwisho akamwendea mbunifu, akamweleza yote. Mbunifu alisikiliza bila kumkatiza, kisha akaketi juu ya bunda la zulia.

"Ilitakiwa uniambie siku ile ya kwanza."

"Siku ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya."

"Tangazo linasema mazungumzo yanasikilizwa. Lakini halisemi yanasikilizwa na mkwe wako." Alitafuta kiatu cha kuvua, akakuta alikwisha kuvivua vyote. "Ukimwambia, utamwaibisha. Usipomwambia, kila akija tunamwibia kitu. Nikimweka mtu mwingine hapa, mgeni kabisa ndiye atakayesikia mambo ya baba yenu. Sijui. Kweli kabisa sijui. Nimebuni vitu vingi, hakuna kilichowahi kuniuliza swali hili."

Jambo moja alilolijua alilifanya. Alizifuta rekodi zote za mzee mbele ya macho ya dada yangu, na akamwonyesha swichi ya kuzima kurekodi kila atakapomwona. Mengine yakabaki yalivyokuwa.

Mzee alikuja tena siku ya mvua, kofia imelowa. Safari hii hakutaja bidhaa. Aliegemea nguzo kwa kiganja, akainamisha kichwa karibu na kipaza sauti.

"Hebu nikuulize wewe. Mke wangu ananisema kila siku. Anasema, wewe mzee, unakaa nyumba moja na mkwe wetu, unakula chakula chake, na humsemeshi. Atadhani unamchukia. Mimi si kwamba simsemeshi kwa ubaya. Sijui naanzia wapi, basi. Kila neno nikilipanga naona limepita wakati. Sasa mtu kama mimi anaanzaje?"

Kanuni ilikuwa ukutani, mbele ya macho yake. Samahani, hilo sijalielewa. Dada yangu anasema alifungua mdomo alitamke, na likakataa kutoka. Akavua hedifoni, akafungua mlango wa stoo, akapita kati ya makopo ya rangi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo. Hakujua atasema nini akifika.

Mzee alimwona, akainua kidole. "Subiri kidogo mama, naongea na mtu."

Kasuku akasubiri. Angefanya nini? Mzee akairudia nguzo, akangoja jibu. Nguzo ikanyamaza. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. "Leo kimezimika," akasema. Ndipo akageuka vizuri, akamtambua aliyesimama hapo, na uso ukamsinyaa.

Wakaenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango wa kutokea, mahali toroli zinapopangwa. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Watu waliingia wakikung'uta miamvuli.

"Baba," dada yangu akaanza, "mama alifariki."

"Najua. Nilimzika mimi."

"Sasa mbona..."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Mzee alivua kofia, akaikamua taratibu sakafuni, kitu ambacho kwa kawaida asingekifanya mahali pa watu. "Nyinyi nyote mnajua kwamba amekufa," akasema. "Nikimtaja, mnainamisha vichwa. Mwanangu ananipapasa bega. Jirani ananiambia pole. Nami nilitaka kusema tu kwamba hapendi koki za plastiki, si zaidi. Kile chombo hakijui lolote. Nikikiambia anataka pazia, kinaniuliza dirisha lina upana gani. Kwa dakika chache ananingoja nyumbani. Halafu narudi, na najua hayupo. Sijawa mwehu, mama."

Hapo dada yangu angeweza kunyamaza. Aliniambia baadaye kwamba mpaka leo hajui kama ingekuwa afadhali. Lakini alikwisha kuwa msikilizaji wa siri kwa muda mrefu mno, na ulimi ukamshinda.

"Baba, kile chombo ni mimi."

Akamweleza stoo, kamera, kompyuta ya kubadilisha sauti, sharti la kunyamaza, rekodi zilizofutwa. Mzee alisikiliza akitazama toroli.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua amekufa."

"Ndiyo."

"Na bado ukaniuliza upana wa dirisha."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Dada yangu akadhani analia, akanyoosha mkono, kisha akaona meno. Kisha akaona na machozi. Hakujua ni kipi kilichotangulia wala afanye nini na mkono wake.

"Nilijiuliza," mzee akasema alipotulia, "mashine gani inakohoa."

"Kwa hiyo ulijua?"

Mzee alivaa kofia, akasimama, akaingia mvuani.

Siku zilizofuata zilimvuruga Kasuku kuliko zote zilizopita. Nyumbani hakuna kilichobadilika. Chai ilisifiwa kupitia mwanawe, kama zamani. Mzee hakuonekana amekasirika, hakuonekana ametulia. Kasuku alimweleza mbunifu kwamba amevunja sharti, akategemea kufukuzwa. Mbunifu akasema angekuwa yeye asingejua afanye nini, kwa hiyo hawezi kumfukuza mtu kwa kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe asingejua kama atalifanya. Sentensi hiyo dada yangu aliirudia kichwani jioni nzima bila kuimaliza.

Kisha kofia ikatokea tena kwenye skrini.

Mzee alisimama mahali pale pale. Alijua nani yuko nyuma ya ukuta. Akasafisha koo. "Mke wangu," akasema, "amenituma nitafute ndoano za kutundikia picha. Zile zisizobomoa ukuta."

Kasuku alizima kurekodi. Ajibu kama nani? Kama mashine, anamdanganya mtu anayejua anadanganywa. Kama mkwe, atamuua mama mkwe mara ya pili.

"Ndoano ziko rafu ya kumi na moja," akasema. "Picha zina uzito gani?"

"Nyepesi. Ni za harusi."

Wakaendelea hivyo mpaka majaribio yalipokwisha. Dukani waliongea, nyumbani walipishana mlangoni. Dada yangu aliniambia alikuwa akitamani kwenda kazini ili akaonane na mtu anayelala chumba cha pili.

Mashine ya kweli ikaja, ikaingizwa ndani ya nguzo ile. Mbunifu aliifundisha kusalimu kila mtu "karibu" bila kujali umri, na wateja wakaridhika kwa kadiri wateja wanavyoweza kuridhika. Ilijibu haraka, haikukohoa. Mbunifu akampeleka Kasuku kwenye kazi nyingine, ya kuwa sauti ya gari ambalo bado halijatengenezwa, na huko nako ana visa vyake.

Asubuhi moja kabla hajaanza kazi hiyo, dada yangu alikuwa jikoni anamenya viazi. Mzee akaingia kutoka nje, amechafukwa. Hakumtafuta mwanawe ampe ujumbe. Alisimama mbele yake, akasema naye ana kwa ana, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile.

"Kile kipya hakifai."

"Kimefanya nini, baba?"

"Nimekiambia mke wangu ananisubiri. Kikanijibu, 'Samahani, mke wangu hayupo kwenye orodha ya bidhaa.'"

Kasuku akabana midomo. Hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mzee naye alimtazama kana kwamba na yeye anangoja kuambiwa. Halafu akavuta kiti, akaketi karibu na beseni la maganda.

"Basi itabidi nikwambie wewe," akasema. "Wakati ule napima barabara ya mlimani alikuja kuniletea chakula, akakuta nimepigilia vigingi vyangu vyote. Akaving'oa. Vyote. Eti barabara ikipita hapo itaharibu mahali pazuri pa kukaa. Mkubwa wangu alipokuja kukagua, unajua mke wangu alimwambia nini?"

"Alimwambia nini?"

Shemeji yangu aliingia wakati huo, akiwa njiani kwenda kuoga, taulo begani. Akamkuta baba yake anasimulia kwa mikono yote miwili, mkewe amesahau kisu hewani, na mama yake aliyefariki anatajwa pale jikoni kama mtu aliyetoka kidogo uani. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nyie," akauliza, "mnaongea nini?"

Baba yake alikuwa amerudi kwenye vigingi. Shemeji akasimama mlangoni, asijue aingie au arudi akaoge.